Mlango wa Mama Alexis

Fortunée alivaa ufunguo shingoni, kwenye kamba moja na msalaba wake, na mtu akimwona akigusa kifua alidhani anaomba Mungu. Wapi! Alikuwa anapapasa kuona kama ufunguo bado upo. Ulikuwa wa kufuli la mlango wake pale kambini Dzaleka, na nyuma ya mlango huo, kila siku ya kazi, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, alikuwa amefungiwa mama mkwe wake.

Sasa msianze kumhukumu. Mimi mwenyewe nilianza, nikaacha njiani. Huyu mwanamke alisomea uuguzi Bukavu, Kongo, akafanya kazi miaka saba kwenye kituo cha afya kule Kadutu, akakimbia na diploma yake ndani ya plastiki, na mpaka leo diploma iko ndani ya plastiki ileile, chini ya godoro, maana huku Malawi hakupata mahali pa kuitolea. Kwa hiyo anashona sare za shule kwenye soko la kambi, na kabla ya kukaa kwenye cherehani anazunguka kwa wazee wanaoishi peke yao. Anapima presha, anakata kucha za miguu, anasikiliza nani anakohoa vipi, na kila kitu anakiandika kwenye kaye, daftari lake la jalada la buluu. Watu wakaanza kumwita Docta. Mwanzoni alikataa, akisema yeye ni infirmière, muuguzi tu. Baadaye akaitika, na tusidanganyane, jina lilimkaa vizuri.

Mume wake, Alexis, aliondoka kwenda Afrika Kusini kutafuta maisha, na huu ni mwaka wa sita. Anapiga simu siku ya Bonané, mwaka mpya, anasema mambo yatakaa sawa, anamsalimia mama yake, basi. Watoto Mungu hakuwapa. Kilichobaki kati ya Fortunée na ukoo ule ni bibi mmoja, Mama Alexis, aliyekuwa na duka la vikwembe, yaani vitenge, Bukavu na sauti ya kumsimamisha mteja aliye ng'ambo ya barabara. Dada zake Fortunée walimwambia kwa simu kwamba huyo si mzigo wake, amwachie mwenye mama. Alijibu kwamba mama hatupwi, akakata simu, akalia kidogo, akarudi kupika.

Ugonjwa uliingia polepole. Kwanza ilikuwa chumvi kwenye chai. Halafu bibi akaanza kumwita Fortunée kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Halafu, wakati wa mvua, akatoka nyumbani peku, akatembea mpaka barabara ya lami, na lori la tumbaku lililokuwa likielekea viwandani Kanengo likapiga breki mbele ya magoti yake. Aliwaambia waliomshika kwamba anarudi Bukavu, ameacha duka wazi. Siku hiyo Fortunée alimrudisha nyumbani akimshika mkono kwa nguvu mpaka mkono ukabaki na alama. Kesho yake akanunua kufuli, lile zito la shaba, linalouzwa na funguo mbili. Ufunguo wa pili ulitumbukia chooni wiki ileile.

Mlango wenyewe ulikuwa kazi ya Alexis. Aliupiga misumari kwa haraka siku chache kabla ya safari yake, mbao za masanduku, ukifungukia nje kwa sababu chumba ni kidogo. Kila asubuhi Fortunée aliweka uji kwenye termosi, maji kwenye jagi, ndoo nyuma ya pazia, akaondoa viberiti na kisu, akamwambia mama narudi sasa hivi. Akafunga. Akalivuta kufuli mara tatu. Hatua za kwanza kutoka pale zilikuwa nzito kila siku, na hakuzizoea.

Mtasema, si angemwomba jirani? Jirani alikuwepo, tena mlango kwa mlango: Marie-Goretti, Mnyarwanda, muuza maharage, ambaye watu humwita Mama Izere kwa jina la binti yake. Mama Izere hakuwahi kumkosea Fortunée hata neno. Lakini mtu wa Bukavu na mtu wa Rwanda wana mambo yao, mnayajua, na leo sitayafungua hapa. Fortunée alimsalimia vizuri, akamshonea Izere gauni la komunio, akapokea namba yake ya simu kwa ajili ya vipimo, ikaishia hapo. Kumpa ufunguo ilikuwa kumwambia: mimi, Docta, ninayewafundisha watu wote namna ya kutunza wazee, wangu namfungia kama kuku. Heri angekufa na siri yake.

Mchana akifungua, bibi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha kamba, mikono mapajani, mpole. Na kila siku alikuwa na habari. Alitoka leo. Alikwenda kwa bamama, kina mama, waliimba, walichagua maharage wakitupa maganda, mmoja alimchekesha mpaka akakojoa kidogo. Tena alikuwa akiimba polepole wimbo wa kanisa kwa Kinyarwanda, lugha ambayo Fortunée hakuwahi kumsikia akiizungumza Bukavu. Fortunée alimwitikia, ndiyo mama, vizuri mama, huku akivuta kaye. Alifikiri sana, kama mtu aliyesoma. Kuta za matofali mabichi zinapitisha sauti. Wanawake wa jirani huimba wakifanya kazi. Kichwa cha mgonjwa kinachukua sauti ile na kuigeuza safari. Aliandika tarehe, saa na maneno. Ndani ya miezi mitatu alikuwa amejaza kurasa arobaini.

Kaye hiyo ndiyo iliyomfikisha Lilongwe.

Kulikuwa na kongamano la kimataifa la madaktari kuhusu matunzo ya wazee, siku tatu katika hoteli moja kubwa mjini, na waandaaji walitaka kusikia kutoka kambini. Bienvenu, kiongozi wa wanaojitolea, mtu wa Uvira mwenye suti moja na adabu nyingi, alipeleka majina sita, pamoja na lake. Aliposoma kurasa za Fortunée kuhusu "mgonjwa A", ndivyo alivyomwandika mama mkwe, alizisoma mara mbili. Halafu akamuuliza kama ana uhakika anataka kusoma zile. Fortunée alikasirika. Alidhani anamdharau kwa sababu hana digrii. Akasema ni zile ama hakuna, na Bienvenu akainua mikono akaziacha.

Mnaoishi Dzaleka mnajua habari ya ruhusa. Kwa wengine nitaeleza: mkimbizi hatoki kambini kwenda mjini hivihivi, lazima awe na karatasi. Na safari ile walipewa karatasi moja kwa watu sita, majina yamepangwa kutoka juu mpaka chini, muhuri mmoja, mshika karatasi Bienvenu. Wanatoka sita, wanarudi sita. Gari lingewachukua saa kumi na mbili asubuhi, Fortunée angezungumza saa tatu, na saa saba angekuwa nyumbani. Alihesabu mara kadhaa. Saa saba ilikuwa saa moja kabla ya kawaida yake. Kwa hesabu hiyo akamfungia mama alfajiri, bado ana usingizi, akaongeza uji na mkate, akalivuta kufuli mara tatu.

Ilikuwa Juni, baridi ya kukata masikio. Kwenye kizuizi polisi alipanda garini, akasoma karatasi, akawahesabu kwa kidole, akasema zikomo, asante ya huku, akashuka. Kwa wenzake safari ilikuwa furaha. Walipopita Kanengo walicheka harufu ya tumbaku, na walipofika usawa wa mtaa wa Area 25 mmoja wao akaonyesha nyumba aliyokuwa amepanga kabla wakimbizi hawajarudishwa kambini. Fortunée alikuwa anatazama saa ya dereva.

Hoteli ilikuwa na baridi yake nyingine, ya mashine. Walivishwa beji zenye majina. Wakapewa kalamu, mfuko, na ratiba, na kwenye ratiba ile Fortunée akasoma jina lake mwenyewe limeandikwa sawasawa, hata ile alama juu ya e, akasahau ufunguo kwa dakika nzima. Niseme ukweli, alifurahi. Miaka kumi na miwili hajaketi na watu wa kazi yake. Mezani pake alikuwa daktari kutoka Ghana na mwingine kutoka Ureno, wakamuuliza wazee wangapi anawatembelea, akajibu kwa Kifaransa chake cha shule, wakaandika.

Saa tatu ikafika. Mgeni rasmi hajafika. Saa nne, hajafika. Kongamano halifunguliwi bila mgeni rasmi, na hakuna anayezungumza kabla halijafunguliwa. Watu wakanywa chai, wakala sambusa, wakapiga picha. Saa tano na nusu zikasikika ving'ora, mgeni akaingia, akasoma kurasa tisa. Halafu mwandaaji akatangaza kwamba ratiba yote inasogea, na sauti kutoka Dzaleka itasikika baada ya chakula, saa nane.

Saa nane! Fortunée alimfuata Bienvenu, akamwomba kwa sauti ya chini amruhusu aondoke, mama yake si mzima. Bienvenu akauliza kama kuna simu iliyomwambia hivyo. Hakuna. Basi, akasema, tumalize kazi. Fortunée akarudi kwenye kiti chake na hakusema neno kufuli.

Aliyezungumza kabla ya chakula alikuwa daktari mwanamke wa nchi fulani ya baridi, mvi kichwa kizima, sauti ya taratibu. Fortunée alimsikiliza kwa kifaa cha masikioni, mkalimani akigeuza kwa Kifaransa. Na huyo mama, kati ya mambo yote ya wazee duniani, akachagua mlango. Alisema amezunguka nchi nyingi na kila mahali amekuta wazee waliofungiwa na watu wanaowapenda. Akasema anaelewa woga wao, lakini mlango uliofungwa kwa nje ni ukatili hata ukifungwa kwa machozi, na nyumba ikishika moto hakuna anayejua kwamba kuna mtu ndani. Ukumbi mzima ulikuwa unatikisa kichwa kukubali. Fortunée naye akatikisa, kwa sababu macho ya daktari yalipita mezani kwake. Ufunguo ulikuwa unamchoma kifuani.

Moto. Hilo hakuwahi kuliwaza. Aliondoa viberiti vya ndani, lakini Mama Izere huwasha mbabula wake, jiko la makaa, hatua tano kutoka ukuta ule, na paa la nyumba ni plastiki na nyasi.

Wengine walipokwenda kwenye nsima na kuku, yeye alitoka. Alipita mapokezi, akapita walinzi, akafika barabarani mahali wanaposimama vijana wa kabaza, na mmoja alikuwa tayari amegeuza baiskeli akimwonyesha kiti. Mpango ulikuwa mwepesi: kabaza mpaka stendi, minibasi kuelekea Dowa, inayopita kambini, saa moja na nusu, amefika. Kilichomkamata ni mkono wa Bienvenu. Alikuwa ametoka mbio, kitambaa cha kulia bado kimening'inia shingoni.

"Fortunée, karatasi ni moja," alisema. "Barrière ya polisi watakushusha, hauna kitu. Na sisi tukirudia batano, watatuuliza wa sita iko wapi. Ile jina yako njo itatufunga sote."

Fortunée alikuwa anawajua wale wengine wanne. Mmoja ana mtoto anayenyonya. Kama angepanda baiskeli ile angewafungia watu watano nje ya nyumba zao ili amfungulie mmoja. Kijana wa kabaza alingoja kidogo, akaona hakuna biashara, akaondoka. Fortunée akarudi ndani nyuma ya Bienvenu, akakaa mbele ya sahani. Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika ishirini. Mama alikuwa ndani tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Jina lake liliitwa saa tisa kasoro. Alizungumza Kiswahili na Bienvenu akatafsiri kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi. Alifungua kaye, na alipomaliza mstari wa kwanza Docta akarudi. Alieleza kuhusu mgonjwa A, mwanamke wa miaka sabini na tisa, mkimbizi, anayeishi na mkwe. Kila siku mgonjwa anasimulia kwamba alitoka akaimba na wanawake. Anataja kazi aliyofanya. Anaimba wimbo kwa lugha isiyo yake. Na siku zote hizo, alisoma Fortunée, mgonjwa hakutoka ndani ya nyumba. Akaeleza habari ya sauti inayopita ukutani, na namna kichwa kilichofungwa kinavyojitengenezea mlango. Sentensi hiyo ya mwisho aliipenda sana alipoiandika. Sasa ilimtoka kwa shida.

Walipiga makofi, tena mengi. Daktari wa Ureno alisimama kabisa. Kisha yule mama wa mvi akainua mkono, akasema ni uchunguzi mzuri, amevutiwa sana na subira yake. Alikuwa na swali moja dogo. Dada amejuaje kwamba mgonjwa hakutoka?

Jamani, kuna maswali ya watu na kuna maswali ya Mungu. Fortunée aliona watu mia mbili, beji mia mbili. Aliona pia njia ya kusema kweli, imenyooka kabisa, maneno matatu tu: namfungia kwa kufuli. Haya ikamshinda.

"Kuna jirani," alisema. "Kuna jirani anakaa naye."

Bienvenu alimgeukia. Alimtazama vile mtu anavyomtazama mwenzake aliyejikwaa na kuinuka bila kujua. Halafu akatafsiri, na hata Fortunée na Kiingereza chake kidogo akasikia kwamba ameongeza neno. Alisema: kila siku. Yule mama wa mvi akatabasamu, akasema huo ndio mfano ambao dunia inapaswa kuuiga, na akapiga makofi tena, peke yake kwanza, kisha wote.

Fortunée alishuka jukwaani akaenda moja kwa moja chooni. Alijifungia. Alikuwa na hasira na nafsi yake kiasi kwamba alitamani kujipiga kofi. Amesema uongo mbele ya madaktari wa mataifa, na uongo wenyewe ni kitu kidogo ambacho angeweza kukifanya kuwa kweli miezi mitatu iliyopita kwa kubisha hodi hatua tano kutoka kwake. Bado kulikuwa na vyeti, bado kulikuwa na picha ya pamoja, gari halitoki kabla ya saa kumi na moja. Akatoa simu. Akalitafuta jina la Mama Izere katikati ya majina ya wateja wa kushonewa, akapiga kabla haya haijarudi.

Mama Izere aliitika haraka. Nyuma yake palikuwa na kelele ya wanawake. Fortunée hakusalimia hata.

"Mama Izere, nakuomba. Chukua shoka, vunja kufuli yangu. Mama iko ndani tangu asubui. Mi niko Lilongwe, nimefungwa huku."

"Kufuli gani tena, Docta?" Mama Izere hakusikika kushtuka. "Mama yako iko hapa na bamama, anachagula maharagi."

Fortunée aliketi. Akauliza nani amevunja. Hakuna aliyevunja, akasema Mama Izere, kufuli hawaligusi. Wanachomoa ile misumari miwili ya bawaba, iliyo kwa nje, mlango unafunguka upande mwingine, bibi anatoka, kabla ya saa nane wanaichomeka tena. Tangu Paska. Bibi alikuwa anapiga ukuta asubuhi moja akiita watu wa duka lake, nao hawakuweza kuendelea kuchambua maharage huku wakisikia. Wakamtoa siku hiyo. Siku ya pili alipiga ukuta tena, na ya tatu hakupiga, alikuwa amekaa tayari mlangoni na kikwembe chake amefunga vizuri.

Kila siku? Kila siku, isipokuwa Jumapili Docta anapokuwa nyumbani. Na wimbo ule wamemfundisha wao, anaupenda, ila kuna mstari mmoja anaukosea na wanamwacha aukosee. Nani mwingine anajua? Mama Izere akacheka kidogo, kwa upole. Mstari mzima wa nyumba wanajua. Bienvenu anajua, ndiye aliyeleta nyundo.

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Tukuambie nini? We njo docta. Tulisema labda ni dawa ya namna ile." Alisita. "Na tuliogopa kukupatisha haya."

Fortunée alikuwa ameshika kaye kwa mkono mwingine, kurasa arobaini. Kila kitu mle ndani kilikuwa kweli, na yeye mwenyewe ndiye aliyeandika pembeni, kwa kalamu nyekundu, kwamba ni ugonjwa. Mama alikuwa amemwambia siku baada ya siku, bila kuficha kitu, na yeye alimwitikia bila kumsikiliza.

"Docta? Unaisha kukata simu?" Sauti ya Mama Izere ilishuka kidogo, kama anayeomba maelekezo ya kazi. "Tulimurudisha saa saba na nusu vile kawaida, tukaona haukuje, tukamutoa tena. Sasa leo tumurudishe saa ngapi?"

Simu ilikatika hapohapo, salio limekwisha. Alikaa chooni mpaka mtu akabisha, akanawa uso, akaenda kupigwa picha. Kwenye picha ile, ambayo Bienvenu anayo kwenye simu yake mpaka leo, yuko mstari wa pili, cheti kifuani, na anatazama pembeni kuelekea mlangoni.

Garini Bienvenu aliketi karibu naye, na walipopita Kanengo alianza kusema kitu, akaacha. Fortunée akamuuliza tu, nyundo ilikuwa ya nani. Akajibu ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba alitaka kumwambia siku ile ya kurasa, ila alivyomwona amekasirika akaogopa. Akaomba msamaha. Fortunée alisema mimi njo wa kuomba, na kwenye kizuizi polisi akawahesabu kwa kidole, sita, wakapita.

Walifika jua linatua. Mlango wa Mama Izere ulikuwa umefungwa nusu na mbabula wake unafuka moshi nje. Mlango wa Fortunée ulikuwa mahali pake, kufuli limening'inia kama alivyoliacha. Basi walikuwa wamemrudisha, kwa kukisia saa, na kuchomeka misumari yao, ili Docta akifika akute heshima yake imesimama. Kwa mara ya kwanza alizitazama bawaba. Vichwa vya misumari vilikuwa vimeng'aa kwa kuchomolewa. Alisimama pale, akaona haya, halafu akafungua upande wake, kwa ufunguo.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mikono mapajani. Maganda ya maharage yalikuwa yamenasa kwenye kikwembe chake. Fortunée hakuchukua kaye. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza vile mtu anavyouliza akitaka kujua.

"Mama, leo mulikuwa wapi?"

Bibi alimtazama. Sijui aliona nini usoni mwa mkwe wake. Labda machozi, labda ule ukali wa mtu anayetaka jibu. Siku zote alisimulia bila kuulizwa. Sasa akavuta mikono yake, akakikung'uta kikwembe haraka, maganda yakaanguka chini, akayafunika kwa mguu.

"Mi niende wapi? Nilikuwa humu," alisema. "Si we ulinifungia?"

Fortunée alisema ndiyo, mama, nilikufungia. Alilia, na hakujificha. Akavua kamba shingoni, akafungua fundo, akautoa ufunguo akiacha msalaba, akauweka kwenye kiganja cha bibi na kukifunga, kidole kimoja kimoja. Akamwambia kuanzia leo ufunguo ni wake, akitaka kwenda kwa bamama atoke, yeye atamsindikiza mwenyewe mpaka kwa Mama Izere kila asubuhi.

Bibi alifungua kiganja. Akaugeuza ufunguo huku na huku kwenye mwanga uliobaki.

"Hii ni ya nini?"

"Ya mulango, mama."

Bibi akamhurumia. Iliingia kabisa usoni pake, huruma ya mtu mzima kwa mtoto asiyejua kitu, na akainama mpaka karibu na sikio la Fortunée, asije akasikia mtu mwingine.

"Mulango haifungukake upande ile," alisema, na akamrudishia ufunguo wake.